Tarehe ya habari: alama ndogo inayoamua unachokiona unapotafuta kwenye intaneti

Mitambo ya kutafuta kama Google haitazami tu maneno yaliyo ndani ya ukurasa. Inatazama pia siku ukurasa huo ulipochapishwa. Tarehe ikikosekana, au ikibadilishwa kwa ujanja, habari ya kale inaweza kupanda juu kana kwamba ni ya leo. Mashariki mwa Kongo, ambako habari moja inaweza kuamua kama familia inabaki nyumbani au inakimbia, jambo hili haliwahusu mafundi wa kompyuta peke yao.

Tarehe 1 Desemba 2012, habari kwamba M23 imeondoka mjini Goma ilikuwa ya kweli. Waasi hao walikuwa wameuteka mji tarehe 20 Novemba, wakakaa humo siku kumi na moja, kisha wakatoka. Redio, magazeti na mashirika ya habari ya dunia nzima yaliandika hivyo, na nyingi za kurasa hizo zingali kwenye intaneti.

Mwisho wa Januari 2025, M23 iliingia Goma tena. Tuchukue mfano wa mama aliyekimbia na watoto wake, ambaye mwezi Februari anafungua simu na kukutana na ukurasa unaosema kwamba M23 imeondoka Goma. Jina la mji ni lile lile, jina la kundi ni lile lile. Hakuna neno hata moja la uongo ndani ya ukurasa huo. Kinachotenganisha ukweli na hatari ni mstari mmoja mdogo chini ya kichwa cha habari: tarehe. Mstari huo ukiwapo, mama ataelewa kwamba anasoma mambo ya miaka kumi na miwili iliyopita. Usipokuwapo, anaweza kufunga mizigo na kurudi njiani.

Mstari huo hausomwi na mwanadamu peke yake. Kabla ukurasa haujafika kwenye simu ya mtu, umepitia kwanza kwenye mtambo wa kutafuta, ambao umeamua kama uwe wa kwanza, wa kumi, au usionekane kabisa. Na mtambo huo nao unataka kujua: habari hii ni ya lini?

Siku habari ya miaka sita iliposhusha bei ya hisa

Kisa kinachoonyesha vizuri zaidi hatari ya tarehe iliyokosekana kilitokea Marekani mwaka 2008, na hakikuhusu vita bali ndege.

Mwezi Desemba 2002, kampuni mama ya shirika la ndege United Airlines iliomba mahakama ulinzi wa kufilisika. Gazeti la Chicago Tribune liliiandika habari hiyo. Kampuni ilijipanga upya, na mwezi Februari 2006 ikatoka katika hali hiyo. Makala ya 2002 ilibaki kwenye hifadhi ya tovuti ya gazeti jingine la kundi hilo hilo, Sun-Sentinel, la jimbo la Florida.

Usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 7 Septemba 2008, saa ambayo wasomaji ni wachache, makala hiyo ya kale ilifunguliwa. Kwa kuwa hapakuwa na wasomaji wengi, ufunguzi huo mdogo ulitosha kuiingiza kwenye orodha ya habari za biashara "zinazosomwa zaidi". Dakika chache baadaye, roboti ya Google inayozunguka kwenye tovuti kukusanya kurasa mpya ilipita hapo, ikaona kiungo ambacho haikukiona mara iliyotangulia, ikakifuata.

Ndani ya makala hapakuwa na tarehe ya mwaka 2002. Tarehe iliyoonekana ilikuwa juu ya ukurasa, ile ambayo tovuti hujiandikia yenyewe kila siku: Septemba 2008. Roboti ikachukua hiyo. Habari ya miaka sita ikaingia kwenye sehemu ya habari za Google kama habari ya siku hiyo.

Jumatatu tarehe 8, mfanyakazi wa kampuni ndogo ya huko Florida inayotoa taarifa za uwekezaji alitafuta kwenye Google habari za kampuni zilizofilisika mwaka 2008. Makala ya United ikatokea. Akaipeleka muhtasari wake kwenye mtandao wa Bloomberg, unaosomwa na wafanyabiashara wa hisa. Mwaka huo mafuta yalikuwa ghali na mashirika mengi ya ndege yalikuwa taabani, kwa hiyo watu hawakushangaa. Walianza kuuza.

Hisa iliyokuwa ikiuzwa kwa zaidi ya dola 12 ilishuka hadi karibu dola 3 kwa dakika chache, yaani asilimia 76, kabla ya soko la Nasdaq kusimamisha biashara hiyo. Kwa muda mfupi, zaidi ya dola bilioni moja za thamani ya kampuni zilikuwa zimeyeyuka. Baada ya ukweli kujulikana, bei ilipanda tena, lakini siku ilimalizika ikiwa asilimia 11.2 chini ya siku iliyotangulia. Wanauchumi waliochunguza tukio hilo baadaye walionyesha kwamba ilichukua hadi siku ya saba ya soko ndipo bei irudi pale ilipotarajiwa kuwa. Habari ilisahihishwa siku ile ile, lakini hofu ilikaa wiki nzima.

Katika mlolongo huo wote hakuna aliyetunga uongo. Mwandishi wa 2002 aliandika kweli. Tovuti ilihifadhi makala yake. Roboti ilisoma ilichokiona. Mfanyakazi aliamini kile mtambo ulichomwekea mbele. Kilichokosekana ni tarehe.

Kwa nini mtambo unapenda habari mpya

Wengi hufikiri kwamba ukurasa mpya hushinda wa zamani siku zote. Sivyo. Inategemea swali lililoulizwa.

Mtu akitafuta namna ya kupika sombe, ukurasa ulioandikwa mwaka 2009 unaweza kukaa juu ya ule wa jana, kama una maelezo mazuri zaidi. Sombe haijabadilika. Lakini mtu akitafuta "TP Mazembe" siku ya mechi, anataka matokeo ya leo. Na akiandika "TP Mazembe Inter Milan", mtambo unapaswa kuelewa kwamba anatafuta fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu ya tarehe 18 Desemba 2010, ambamo timu ya Lubumbashi ilifungwa mabao 3 kwa 0. Timu ni moja, maswali ni mawili, na umri wa jibu ni tofauti.

Mwaka 2007, mmoja wa wahandisi wakuu wa utafutaji wa Google, Amit Singhal, alieleza hadharani kwamba kampuni yake imetengeneza njia ya kutambua maswali yanayodai jibu jipya. Watu wengi wakianza ghafla kuandika jina moja, na vyombo vya habari navyo vikianza kuliandika, mtambo unatambua kwamba kuna jambo limetokea, na unazipandisha juu kurasa za karibuni.

Mwezi Juni 2010, Google ilibadilisha namna ya kuhifadhi kurasa ili ziingie haraka zaidi kwenye matokeo. Mwezi Novemba 2011 ikatangaza badiliko jingine ambalo, kwa maelezo yake, liligusa asilimia 35 ya utafutaji wote. Badiliko hilo lilitaja aina tatu za maswali yanayohitaji habari mpya: matukio ya sasa hivi, mambo yanayojirudia kwa vipindi, kama michezo na uchaguzi, na mambo yanayohitaji kusahihishwa mara kwa mara, kama aina za magari.

Kwa Mkongomani, aina ya pili ni rahisi kueleweka. Uchaguzi wa rais ulifanyika mwaka 2006, 2011, 2018 na 2023. Mtu anayeandika "matokeo ya uchaguzi Kongo" bila kutaja mwaka, kwa kawaida anataka ule wa mwisho. Mtambo hauwezi kumpa jibu hilo kama haujui kila ukurasa ni wa mwaka gani.

Afya nayo inaonyesha pande zote mbili. Dalili za Ebola ni zile zile, na maelezo yaliyoandikwa vizuri miaka iliyopita bado yanafaa. Lakini swali "Ebola imekwisha?" hubadilika jibu. Mlipuko uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 katika Kivu ya Kaskazini, ukafika Ituri na kuua zaidi ya watu 2200, ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Ugonjwa ukarudi karibu na Butembo mwezi Februari 2021, kisha Beni mwezi Oktoba mwaka huo huo. Ukurasa wa Juni 2020 unaosema kwamba Ebola imekwisha ulikuwa wa kweli siku ulipoandikwa. Miezi minane baadaye, mtu wa Butembo aliyeusoma bila tarehe angeweza kuacha kunawa mikono.

Mtambo unaisoma tarehe wapi

Tarehe ya ukurasa si moja. Kuna siku ulipochapishwa kwa mara ya kwanza, kuna siku uliposahihishwa, na kuna siku roboti ilipouona kwa mara ya kwanza. Hizo tatu zinaweza kutofautiana kwa miaka, kama kisa cha United kilivyoonyesha.

Google inaeleza kwamba haitegemei alama moja tu, kwa sababu kila moja inaweza kuwa na kosa. Inatazama tarehe inayoonekana kwa msomaji, na pia tarehe iliyofichwa ndani ya maandishi ya kompyuta ya ukurasa, mahali ambapo mwenye tovuti hutenganisha siku ya kuchapisha na siku ya kusahihisha. Kisha inakadiria.

Mwezi Mei 2024, nyaraka za ndani za Google zinazoeleza sehemu za mtambo wake zilivuja. Kampuni ilikubali kwamba nyaraka ni zake, lakini ikaonya kwamba watu wasizifasiri bila kujua mazingira yake. Ndani yake zilitajwa tarehe za aina tatu: ile iliyoandikwa wazi kwenye ukurasa, ile inayopatikana ndani ya anwani au kichwa cha ukurasa, na ile inayokisiwa kutokana na maneno ya makala yenyewe. Nyaraka hizo hazikusema kila aina ina uzito kiasi gani. Ila zinaonyesha kwamba mtambo una njia ya kulinganisha. Ukurasa ulioandikwa "leo" juu yake, wakati anwani yake inasema 2012, unajipinga wenyewe.

Hapo ndipo makosa madogo yanapoleta shida kubwa. La kwanza ni namna ya kuandika tarehe. Mmarekani akiandika 9/8/2008 anamaanisha tarehe 8 Septemba. Mkongomani, aliyezoea utaratibu wa Kifaransa, anasoma tarehe 9 Agosti. Kuandika mwezi kwa herufi kunamaliza ubishi huo.

La pili ni saa. Kongo ina saa mbili: ya Kinshasa na ya mashariki. Habari inayochapishwa Goma saa sita na nusu usiku, tarehe 2 ya mwezi, kwa saa ya Kinshasa bado ni saa tano na nusu ya tarehe 1. Tovuti ya Bukavu au Lubumbashi iliyowekwa kwa saa ya Kinshasa, au ya Ulaya, inaweza kujikuta inatangaza tukio chini ya tarehe ya siku iliyotangulia. Ndiyo maana Google inawaomba wenye tovuti waandike pia ukanda wa saa.

La tatu ni wingi wa tarehe ndani ya ukurasa mmoja. Pembeni mwa makala mara nyingi huwa kuna orodha ya habari nyingine, kila moja na siku yake. Roboti inaweza kuchukua isiyohusika. Ushauri uliotolewa na Google mwezi Machi 2019 ni kupunguza tarehe nyingine kwenye ukurasa, kutotumia tarehe ya siku zijazo, na kuhakikisha kwamba tarehe inayosomwa na mtu na ile inayosomwa na mtambo zinafanana.

Wanaoipaka rangi nyumba ya zamani

Kwa kuwa habari mpya hupewa nafasi, wapo wanaotafuta njia ya mkato. Wanachukua makala ya miaka mitatu iliyopita, hawagusi kitu ndani, wanabadilisha tarehe tu. Wengine wanapachika "imesahihishwa leo" juu ya maneno yale yale. Wengine wanaondoa tarehe kabisa, wakitumaini msomaji asijue umri wa anachosoma.

Google imeandika wazi kwamba haitaki mchezo huo. Katika maswali inayowapa wenye tovuti ili wajipime wenyewe, limo swali kama wanabadilisha tarehe za kurasa ili zionekane mpya wakati yaliyomo hayajabadilika kwa kiasi kikubwa. Kuhusu ile orodha ya kurasa ambayo tovuti humpa roboti, pamoja na siku kila ukurasa uliposahihishwa, Google inasema inaitumia tarehe hiyo pale tu inapoonekana kuwa sahihi kila mara na inaweza kuthibitishwa. Tovuti inayosema kila asubuhi kwamba kurasa zake zote ni mpya haiaminiwi tena.

Kuna pia kosa la upande wa pili, la kuogopa uzee. Mwezi Agosti 2023 ilijulikana kwamba tovuti ya Marekani ya habari za teknolojia, CNET, ilikuwa imefuta maelfu ya makala zake za zamani kwa matumaini ya kupendwa zaidi na mtambo wa kutafuta. Siku hizo hizo, msemaji wa Google wa mambo ya utafutaji alieleza hadharani kwamba kufuta ukurasa kwa sababu tu ni wa zamani hakusaidii, na kwamba ukurasa wa zamani unaweza bado kuwa na faida.

Kwa vyombo vya habari vya mashariki mwa Kongo, funzo hilo ni zito. Makala za mlipuko wa Nyiragongo wa tarehe 17 Januari 2002, za Goma ya 2012, za Beni na za Ituri ni kumbukumbu ya watu. Zikifutwa, kitakachobaki ni yale yaliyoandikwa na wageni. Makala ya zamani haina kosa kuwa ya zamani. Kosa ni kuificha siku yake.

Kusahihisha kwa kweli ni jambo jingine. Kama idadi imebadilika, kama mtu aliyetajwa amejibu, kama barabara iliyofungwa imefunguliwa, ni haki kuandika tarehe mpya. Ila ile ya kwanza ibaki pembeni yake, ili msomaji ajue habari ilizaliwa lini na ilirekebishwa lini.

WhatsApp haionyeshi siku

Mashariki mwa Kongo, wengi hawafiki kwenye habari kupitia Google. Wanaipata ndani ya kikundi cha WhatsApp: cha familia, cha kanisa, cha wafanyabiashara wa soko. Kiungo kinakuja na picha na kichwa cha habari. Mara nyingi tarehe haionekani. Saa inayoonekana ni ile ambayo ndugu au jirani ameituma, na macho yanaichukua hiyo kuwa ndiyo saa ya tukio. Asiye na mega za kutosha hafungui kiungo. Anasoma kichwa, anatuma mbele.

Mlipuko wa Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021 unaonyesha jinsi siku chache zinavyoweza kubadilisha kila kitu. Usiku huo watu walikimbilia Gisenyi na Sake. Siku iliyofuata lava ilikuwa imesimama, wengi wakarudi. Tarehe 27 Mei asubuhi, gavana wa kijeshi Constant Ndima alitoa amri ya kuhama sehemu kadhaa za mji, na mamia ya maelfu ya watu wakaondoka. Mwezi Juni serikali ikatangaza kurudi hatua kwa hatua. Ndani ya wiki chache, "kimbieni", "rudini", "hameni" na "rudini" yote yalikuwa maagizo ya kweli, kila moja kwa siku yake. Ujumbe usio na tarehe, katika hali kama hiyo, unaweza kumpeleka mtu upande usiofaa.

Wachache wamejaribu kutafuta dawa. Mwaka 2019 gazeti la Uingereza The Guardian lilianza kuweka alama ya njano juu ya makala zake za zamani, ikisema zina umri gani, na kuandika mwaka juu ya picha inayoonekana makala inaposambazwa. Lilikuwa limegundua kwamba makala yake ya mwaka 2013 kuhusu nyama ya farasi imeanza kuzunguka tena kama habari mpya. Mwezi Juni 2020, Facebook nayo ilianza kumwonya mtu anayetaka kusambaza makala iliyopita siku 90.

Namna ya kukagua siku ya habari kwa simu

Msomaji hana haja ya kuwa fundi. Zipo njia chache ambazo hazichukui dakika mbili.

Ya kwanza ni kufungua kiungo na kutafuta tarehe chini ya kichwa cha habari au mwisho wa makala. Isipoonekana, itazamwe anwani ya ukurasa juu ya skrini: tovuti nyingi huandika humo mwaka na mwezi.

Ya pili ni kutumia Google yenyewe. Kwa simu zilizo katika Kifaransa, baada ya kutafuta, kuna sehemu iitwayo "Outils" ambamo mtu anaweza kuchagua kurasa za saa 24 zilizopita, za wiki au za mwaka. Inawezekana pia kuandika ndani ya kisanduku cha kutafutia: Goma M23 after:2025-01-01. Hapo mtambo unaacha kurasa unazozihesabu kuwa za kabla ya siku hiyo. Ukiandika before: unapata za kabla yake. Ila ikumbukwe kwamba hapa pia mtambo unatumia tarehe iliyokadiria yenyewe, na makadirio yanaweza kukosea.

Ya tatu inatokana na ujuzi wa nyumbani, na hapo mkaaji wa Kivu anaushinda mtambo: majina. Makala inayomtaja Julien Paluku kuwa gavana wa Kivu ya Kaskazini ni ya kati ya 2007 na 2019. Ikimtaja Carly Nzanzu Kasivita, ni ya kati ya 2019 na 2021. Ikimtaja Constant Ndima, ni ya baada ya hali ya dharura kuanza mwezi Mei 2021. Ikimtaja Peter Cirimwami, ni ya kati ya 2023 na Januari 2025, mwezi aliofariki. Jina la rais, la kamanda, la msemaji wa jeshi, hata bei ya dola kwa franga, vyote ni tarehe zilizojificha ndani ya maandishi.

Ya nne ni ya picha. Lenzi ya Google inamwonyesha mtu mahali pengine picha hiyo ilipowahi kutokea, na tovuti ya TinEye inaweza kuzipanga kuanzia iliyoonekana zamani zaidi. Picha ya lava inayodaiwa kuwa ya leo, ikionekana kwenye ukurasa wa 2021, imejijibu yenyewe. Na kwa ukurasa unaoshukiwa kubadilishwa tarehe, hifadhi ya Wayback Machine huonyesha jinsi ulivyokuwa siku zilizopita, kama uliwahi kuhifadhiwa.

Kama njia zote hizo hazitoi tarehe, iliyo salama ni moja: kutoutuma mbele.

Kazi ya mwandishi

Kwa upande wa waandishi na wenye tovuti ndogo za Goma, Bukavu, Bunia, Kalemie au Lubumbashi, kazi si ngumu wala haina gharama. Mji na tarehe kamili viandikwe mwanzoni, kama barua zilivyoandikwa zamani: siku, mwezi kwa herufi, na mwaka. Saa ya tovuti iwekwe kwa saa ya mahali. Ikiwa makala imesahihishwa, isemwe lini na nini kimebadilika. Na ndani ya maandishi, maneno "leo", "jana" na "juzi" yafuatwe na siku yenyewe, kwa sababu makala itasomwa bado wakati "leo" hiyo imeshapita miaka kumi. Kwa ujumbe unaopitia WhatsApp, tarehe ikiandikwa ndani ya kichwa chenyewe, itasafiri nao popote.

Faida yake ni mbili. Mtambo utaiweka habari hiyo mahali pake: juu wakati ni mpya, na kwenye kumbukumbu wakati ni ya historia. Na mama aliyeko mbali na nyumbani, akisoma kwamba M23 imeondoka Goma, ataona mbele ya maneno hayo: tarehe 1 Desemba 2012. Atajua kwamba siyo habari aliyokuwa akiisubiri, na ataendelea kukaa pale alipo salama.